Mwalimu Yunis Mniko na Kiti cha Bibi Hana

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mwalimu Yunis Mniko, mkuu wa idara yetu ya elimu ya msingi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wenzangu wamenipa mimi, msaidizi wake, kazi ya kuandika ukurasa huu wa ratiba ya kumuaga. Nilitamani uwe ukurasa wa vicheko tu, maana kwa Mwalimu Yunis vicheko havikosekani. Lakini mwezi uliopita tulifanya jambo la aibu, na mficha uchi hazai. Kumsifu huku tukilikalia jambo lile kungekuwa kumtukana.

Tuanze na mazuri. Mwalimu Yunis alizaliwa Butiama, katika nyumba ya wafugaji iliyozungumza Kikurya. Ajira yake ya kwanza ilikuwa Guta, Bunda, na alifika pale hajui hata neno moja la Kijita, lugha ya wenyeji. Alijifunzia mwaloni, ziwani wanapoteremshia samaki, kwa akina mama wachuuzi, kwa hiyo miezi ya mwanzo Kijita chake chote kilikuwa cha kuomba apunguziwe bei ya sato. Mzazi akija shuleni amefura, Mwalimu alimjibu kwa lugha hiyohiyo ya sokoni, na ugomvi ukaishia hapo.

Huko Guta ndiko alikoona kitu ambacho wengi wetu tulikipita kila siku. Watoto wa darasa la kwanza waliosemwa kuwa wazito walikuwa waongeaji hodari wakiwa kwenye foleni ya maji. Ndani ya darasa walinyamaza kwa sababu Kiswahili kilikuwa bado kigeni kwao. Na aliyethubutu kusema kilugha alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake amvishe. Tuliosoma huku tunakijua kibao kile. Wengine tulimvisha hata ndugu wa tumbo moja ili tuende kucheza.

Alipokabidhiwa idara, alipita shule baada ya shule, akavikusanya vibao, akawapa wapishi wachochee chini ya sufuria ya uji. Kwenye shule moja uji ulinuka moshi wa rangi hata watoto wakaugoma, ikambidi awanunulie maandazi shule nzima kwa hela yake. Mpaka leo hulalamika kwamba uji ule ulimtoboa mfuko kuliko harusi yake.

Kisha akaanzisha asubuhi za nyumbani. Kipindi cha kwanza, mzee mmoja wa kijiji hukaa na darasa la kwanza, akawaeleza somo kwa lugha wanayoamkia, halafu mwalimu akalipokea kwa Kiswahili. Ofisini tulicheka, tukaliita darasa la mabibi. Mwalimu alitujibu kwamba mtoto haji shule mtupu, anakujaga na maneno yake mdomoni, na sisi ndio tunamwambia ateme.

Katika shule ya kijiji cha Kiriba asubuhi hizo zilimwangukia Bibi Hana, mwanika dagaa ambaye hakuwahi kukalia dawati maisha yake yote. Aliwahesabisha watoto kwa mafungu ya dagaa, akawasimulia hadithi, akawatuliza waliolilia nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, walionyamaza walikuwa wanagombania kusoma ubaoni, na utoro ukapungua mno. Shule nyingine zikaanza kuja kujifunza kwao.

Sasa niseme la mwezi uliopita. Mwalimu alikuwa likizo ya kustaafu. Tukaarifiwa kwamba wageni wakubwa wanakuja kuona shule ileile ya Kiriba, na idara nzima ikaingiwa na woga. Wageni wataonaje mama asiyejua kusoma ameketi mbele ya darasa, na kanga yake inanukia dagaa? Tukamtumia Bibi Hana salamu kwamba apumzike siku hiyo. Watoto tukawaambia kwamba Bibi anaumwa. Hakuna aliyepinga, tuliamua hayo huku tukinywa chai.

Wageni waliingia, wakauliza hiki na kile, watoto kimya. Mama mmoja miongoni mwa wageni akawaomba basi wasali sala yao ya asubuhi. Debora, binti mdogo wa mstari wa mbele, akasimama akaongoza kwa Kijita, darasa zima likamfuata. Yule mama akataka kujua wanasema nini. Tukatazamana, mwisho macho yote yakanigeukia mimi, mzaliwa wa Kiriba. Watoto walikuwa wanamwomba Mungu amponye Bibi Hana, amrudishe kwao kesho. Nilitafsiri nikiwa nimetazama sakafu.

Mapumziko yalipofika, watoto walimwona Bibi Hana ng'ambo ya uzio, mzima wa afya, anageuza dagaa zake juani. Hapo wakajua nani mwongo. Nimewahi kuaibika maishani, ila siyo mbele ya watoto wadogo kiasi kile.

Mwalimu Yunis alipopata habari hakutugombeza. Alipanda bodaboda kutoka kwake Bweri hadi Kiriba, akamwomba Bibi radhi kwa niaba yetu. Bibi Hana alimkaribisha vizuri na radhi akaikataa, akisema radhi haitumwagi kama mtoto dukani, wenye kosa waje wenyewe.

Tulikwenda wote. Alituketisha mkekani, akatusalimia kwa Kijita, akangoja. Zaidi ya nusu yetu hatukuweza kuitikia. Hakutucheka. Alirudia salamu ile polepole, kama anavyowarudia watoto, mpaka wa mwisho wetu akaitikia. Kuhusu kurudi darasani alisema atafikiria, kisha akatufungia dagaa za kubeba.

Hadi ninapoandika haya hajarudi. Kila asubuhi darasa la kwanza linamuuliza mwalimu wao Bibi atarudi lini.

Mwalimu Yunis, asante kwa kutuvumilia miaka yote hii. Asante kwa uji wa moshi, na kwa watoto waliopata sauti. Upumzike Bweri, mihogo yako istawi, wajukuu wakuchoshe kwa maneno ya lugha zote, na Mungu akuzidishie siku njema.

Zawadi tuliyotaka kukununulia umeikataa. Umetaka kiti kimoja kando yako, na neno la kufungua sherehe lisemwe kwa Kijita na Bibi Hana. Kiti tumekiweka. Tumekwenda tena Kiriba kumwalika, na bado hajasema ndiyo wala hapana. Asipokuja, hatutamkalisha mtu mwingine pale. Wakati wa neno lake ukifika, ukumbi mzima tutakaa kimya, wageni kwa wenyeji, kama walivyokaa watoto wale tulipowaondolea Bibi yao.