Kuchinja Kibinadamu

Kijiwe chetu cha Makambako ni ubao wa lori bovu uliowekwa juu ya mawe, pale njia ya Njombe inapoachana na ile ya Iringa. Upepo wa hapo hauheshimu koti la mtu. Mwenye birika ni Yoramu, tunayemwita Gazeti, maana kila dereva anayekunywa kahawa yake humwachia habari, naye huitia sukari ambayo kahawa yake haina. Kuliani kwake hukaa Laurenti, jina la kijiweni Bama, aliyekwenda vitani Bama, yaani Burma, akarudi na koti la jeshi na ujuzi wa kila kitu. Mimi fundi cherehani nakaa pembeni, nasikiliza, na mara nyingi nachukia. Ijumaa hiyo kiangazi kilikuwa kimekausha hata mate, na mbele yetu, kwenye mlingoti, alikuwa amefungwa ng'ombe dume mwekundu wa Hezekia wa Kitandililo, tangu asubuhi.

Kesho yake Hulda, binti wa Hezekia, alikuwa anaolewa. Ukoo wa mama yake bwana arusi ni Waislamu wa Iringa, na walikuwa wanakuja lori zima. Kwa hiyo Hezekia, ingawa ni mzee wa kanisa la Kilutheri, alimleta huyo dume kijiweni, akamwomba Maalimu Chande amchinje, kama tulivyozoea. Maalimu akichinja tunakula wote, hakuna wa kuchungulia sahani ya mwenzake.

Mambo yaliharibika siku ya mnada. Alikuja bibi wa Kizungu wa chama cha kuwahurumia wanyama, na bastola fupi isiyotoa risasi, ya kumgonga ng'ombe kwenye paji la uso azimie kabla ya kisu. Akaahidi kurudi Jumamosi kuionyesha kwa ng'ombe wa kwanza atakayechinjwa Makambako. Mkalimani wake alisikiliza Kiingereza kirefu, akakohoa, akakifupisha hivi: "Bibi anasema, kuanzia sasa tuchinje kibinadamu."

Mnada ukavunjika palepale. Kuna mtu aliacha mbuzi wake.

— Nilisikia kwa masikio yangu haya, alisema Gazeti akimimina. Kibinadamu. Yaani kama anavyochinjwa binadamu. Sasa niambieni, nani anajua binadamu anachinjwaje, kama si chinjachinja wenyewe?

Hilo neno likatufanya tusogeleane ubaoni. Hapa kwetu mtoto hajafundishwa kusalimia kabla hajaambiwa habari za chinjachinja, wanaosemekana kukamata watu njiani na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa.

— Ng'ombe ni danganya toto, aliendelea Gazeti. Wanamfanyia mazoezi tu. Damu nzito kuliko maji, ndugu zangu, ndiyo maana na bei yake ni kubwa.

Bama alicheka kijeshi. Alisema bastola ile yeye aliishika huko Bama, walikuwa wanawalaza nayo nyumbu wabeba mizigo wa jeshi wasikohoe adui akasikia. Ila bibi amekosea mahali pa kugonga. Agonge nundu, sio kichwa, kwani wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nundu yake. Nikamwambia methali hiyo haihusiani kabisa na mambo haya. Akaniuliza kama mimi nilifika Bama.

Wakati wote huo Maalimu Chande alikuwa mwisho wa ubao, jiwe mapajani, ananoa kisu chake kirefu. Akikasirika hunoa haraka.

— Mimi na bibi hatuna ugomvi, alisema. Lakini akigongwa akafa kabla sijamfikia, huyo ni kibudu. Na kibudu siwezi kukisomea Bismillahi. Wakwe wa Hezekia watarudi Iringa na njaa, waseme tuliwaita tuwalishe mzoga.

— Hafi, anazimia tu.

— Wewe Bama, utajuaje? Ng'ombe aliyezimia na aliyekufa, wote ukiwaita hawaitiki.

Hezekia mwenyewe, aliyekuwa amekaa nasi ubaoni, alikuwa ameshika kichwa. Alisema ng'ombe anaye huyo mmoja. Akimfuata bibi, wakwe hawatakula, na Hulda ataingia nyumba ya watu kwa aibu. Akimfuata Maalimu, bibi atamsemea kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, na arusi itaingiliwa na askari.

— Mimi nataka mwanangu aolewe na watu wale, alisema. Hayo tu.

Huruma ilitushika, na sisi tukishikwa na huruma tunatoa ushauri. Gazeti alishauri wagawane, Maalimu achinje mbele, bibi agonge nyuma. Bama alitaka kazi ifanyike alfajiri, maana Mzungu haamki kabla ya chai. Gazeti akasema haitasaidia, hawa watu wana vyama vya kila namna. Dereva mmoja alimwambia huko kwao mbwa wana daktari na makaburi, na ipo siku ng'ombe atatakiwa kuweka kwato kwanza, kama sisi tunavyoweka dole gumba, kuonyesha kwamba amekubali kuliwa.

Hapo na mimi nikachafukwa. Nikawaambia kipo na chama kingine, cha kuwalinda wanyama wa porini, na mabwana zake ndio hao wenye vichwa vya pembe ukutani. Pongo akipigwa na bwana anakuwa pambo. Nikimpiga mimi, nakuwa mfungwa.

— Huruma hatukuletewa na meli, Maalimu akadakia. Mimi nimefundishwa na dini yangu. Kisu kiwe kikali. Mnyama asikione, wala asikisikie kikinolewa. Na kabla ya yote, apewe maji. Bibi aje ajifunze kwangu.

Aliyasema hayo huku jiwe likilia kwii, kwii. Yule dume alikuwa anamtazama usoni.

Ndipo akaja Fidelia, mke wa Hezekia, anatoka kusaga unga wa arusi, kapu kichwani. Akasema kamwene, tukaitikia, kisha wote tukamgeukia atuamulie, kila mtu na lake, kibinadamu, kibudu, nundu, nyumbu. Alitusikiliza amesimama, kapu halitikisiki. Macho yake yalikuwa kwa dume, pale mlingotini.

— Huyu senga, akasema, leo amekunywa maji?

Gazeti akachungulia ndani ya birika. Bama akafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa. Hezekia akaanza kusema alidhani Maalimu, akaishia hapo. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya jiwe.

Fidelia akatua kapu. Akachukua debe la Gazeti, lile la maji ya kahawa yanayotoka mtoni mbali, akaliweka mbele ya dume. Likanywewa hadi chini, pua ikawa inakwaruza bati.

— Mama Hulda, hiyo ilikuwa kahawa yetu, alisema Gazeti.

— Naona.

Akafungua kamba. Alimwambia Maalimu aje nyumbani alfajiri, na kisu kikae ndani ya nguo. Hezekia akauliza, na bibi je, akija?

— Akija ni mgeni, si atakaribishwa? Nitamsimulia mwenyewe jinsi ng'ombe wangu alivyoshinda na kiu leo, mbele ya watu wazima wanaobishana nani ana huruma. Akitaka kumgonga mtu, nitamwonyesha wa kuanzia.

Akashika njia ya Kitandililo na dume wake, Hezekia nyuma yake na kapu la unga kichwani, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mzee wa kanisa. Maalimu naye akainuka, akafuata kwa mbali, kisu amekificha mgongoni, ingawa dume alikuwa amemgeuzia mkia.

Gazeti akageuza birika, likadondosha masimbi ya kahawa.

— Lakini huyu Mama Hulda, akauliza, yeye yuko chama gani?

Tulikaa tunalifikiria hilo mpaka baridi ikatufukuza.