Maktaba ya Kufuli

Benchi letu la Kondele, hapa Kisumu, lilikuwa mbele ya karakana ya Wachira, fundi wa kuchomelea vyuma. Kijiweni anaitwa Kufuli, maana hatengenezi kitu bila kukitilia kufuli. Kando yake hukaa Frankline wa bodaboda, jina la kijiwe Waziri, anayejua kila siri ya serikali isipokuwa ile ya kweli. Wa tatu ni Wakhisi wa mitumba, tunayemwita Mlima kwa kuwa amezaliwa juu ya Mlima Elgon na hamalizi kikombe bila kutaja baridi ya kwao. Mimi ndiye ninayewauzia kahawa. Tangu niache shule kidato cha pili wananiita Mwalimu, na walipokusanya vitabu vya watoto wa kijijini kwa Mlima, walisema mimi ndiye nitakayepanda navyo mlimani nikavitunze. Sikulala vizuri kwa furaha. Asubuhi ya kuondoka, lori lililoleta vitunguu lilikuwa linarudi mlimani, na maktaba yetu ilisimama kando ya benchi, imepakwa rangi ya bluu. Wachira alikuwa ameiunda kama anavyounda vyote: kioski. Wavu wa chuma mbele, kitundu cha kupitishia sukari na sabuni, na mlango mwembamba nyuma wa muuzaji.

— Sasa hii wavu ni ya nini, Kufuli? Mlima akauliza.

— Wezi, bwana.

— Kwetu hakuna wezi wa vitabu.

— Hakuna kwa sababu hakuna vitabu! Wacha vifike, utaona watu.

— Ni kweli, Waziri akaingilia. Mama wa njugu anangoja tu. Kitabu moja ikichanwa inafunga njugu ya soko mzima.

— Njugu haimei kwetu. Ni baridi.

— Si umesema mwenyewe! Vitabu vya Kisumu vimezoea joto. Vikifika huko vitashikwa na nimonia.

— Nitaongeza mabati ndani, Wachira akasema, na hakuwa anacheka.

— Na nyani je? Waziri akaendelea. Omera, ndugu yangu, nyani akiiba kitabu ya hesabu, mwaka ujao anajua shamba yako inatoa magunia ngapi. Atakungoja uvune kwanza.

— Nyani wa kwetu wana heshima kuliko abiria wako, Mlima akajibu.

— Basi kufuli mbili, Wachira akakata shauri. Mwalimu, ingia tujaribu.

Nikaingia na vile vitabu. Ndani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na kiti. Wachira akafunga mlango kwa nje, kwa mazoea tu. Waziri akapiga magoti mbele ya wavu.

— Mimi ni mtoto. Teacher, nipe ile ya simba.

Kile cha simba kilikuwa kipana, cha picha. Kikagoma kwenye kitundu.

— Kunja kama chapati!

— Sikunji, nikasema.

— Mnaona? Wachira alifurahi kabisa. Hata mwenyewe hawezi kukitoa. Hiyo ndio usalama!

Hapo akateremka kutoka kwenye lori Mama Nasipwondi, shangazi yake Mlima, aliyekuwa amekuja na vitunguu.

— Mulembe, senge! Mlima akasimama kumwamkia shangazi kwa lugha ya kwao. Kuja uone maktaba yenu.

Mama akaizunguka polepole, akapapasa rangi, akanichungulia.

— Huyu ndiye msichana wetu?

— Ndiye, senge.

— Mbona mmemfungia?

— Tunajaribu tu, mama, Wachira akasema.

— Sawa. Ni nzuri, inang'aa. Lakini wajukuu wangu wakitoka mtoni na maji, wapande ule mlima wote, wafike hapa wamechoka, watakaa wapi?

Dereva wa lori akapiga honi.

— Serikali ina mpango… Waziri akaanza.

— Nyamaza, Waziri! Wachira akamkatiza.

Kisha akaenda kuchukua grainda yake.

— Mwalimu, rudi nyuma, cheche zisikuguse.

Nikakumbatia vitabu, nikajibana kwenye kona. Akakata wavu wote wa mbele, ukaanguka chini kwa kishindo. Kisha akaja akasimama mbele ya wenzake, waliokuwa wamerudi kuketi kwenye benchi.

— Simameni.

— Kwani kuna nini?

— Nimesema simameni. Waziri, shika upande ule.

— Kufuli, hii ni benchi yetu!

— Ndio. Kama imebeba makalio yako miaka yote hii, itashindwa na watoto?

Wakalipakia kwenye lori wenyewe, pamoja na maktaba, Waziri akilalamika mpaka mwisho, halafu akavua koti lake akalitandika chini ya benchi ili lisikwaruzwe njiani.

Benchi liko huku mlimani sasa. Ubao umebonyea kidogo upande alipokuwa akikaa Waziri, na watoto hugombania kukaa hapo. Nasikia kule Kondele bado wanabishana kila asubuhi, vikombe mkononi, wamesimama.