Ardis Kvamme Solheim (1932–2019) na Nafasi Iliyobaki Wazi Kwenye Kombe

Marehemu Ardis Johanne Solheim alizaliwa Jumapili tarehe 14 Februari 1932, shambani kwa wazazi wake, maili sita kaskazini mwa Bredal, Saskatchewan. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Torvald na Sigrid Kvamme. Mdogo wake, Nels, alizaliwa miaka mitatu baadaye, na hawakupata ndugu mwingine.

Ijulikane mapema kwamba wasifu huu marehemu aliuagiza mwenyewe. Akiwa kitandani alimtamkia binti yake Marit maneno ayaandike, kisha akadai karatasi akasahihisha nukta na mkato, kwa kuwa hata oksijeni puani haikumtoa ualimu. Alitaka lisirukwe hata neno moja. Kuna sehemu humu ambayo familia nzima iliiogopa, na hadi juzi Jumapili hatukujua kama tutathubutu kuisoma mbele yenu. Tutaifikia.

Baba yao alikuwa mmoja wa watu kumi na mmoja waliofyeka uwanja wa gofu wa mashimo tisa kando ya reli mwaka 1923 na kuanzisha Ubingwa wa Nyanda za Kusini. Maji ya kumwagilia nyasi hayakuwepo, na hayapo mpaka leo, kwa hiyo kila shimo lilizungushiwa duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini ili upepo usiuchukue. Mpira ukishatua hapo, mchezaji huchukua bomba la chuma lenye mpini mrefu, akalivuta juu ya mchanga kutoka shimoni hadi kwenye mpira, apate njia laini ya kupigia. Hulivuta mara moja tu. Akivuta mara ya pili, adhabu ni mipigo miwili. Torvald aliwafundisha watoto wake kanuni hiyo uani, kwa kipande cha bomba la jiko juu ya majivu, Ardis akiwa na miaka saba na Nels minne. Aliyevuta mara mbili alikula uji bila sukari. Ardis hakuwahi kukosa sukari hata siku moja. Nels alikosa mara nyingi, na mara nyingi dada yake alimgawia yake baba akigeuka.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda ya Kvamme, halafu sekondari hapa Bredal, na mwaka 1951 akamaliza chuo cha ualimu Moose Jaw. Alifundisha darasa la tatu na la nne hapa mjini kwa miaka thelathini na minne. Wengi mliokaa kwenye viti hivi mlisimamishwa naye ukutani, na wachache mlistahili zaidi ya mlichopata. Mwanawe mwenyewe, Dale, alipewa sifuri kwa kuchungulia daftari la jirani, na jioni akapikiwa keki kwa kuwa alikiri.

Tarehe 5 Juni 1954 alifunga ndoa na Einar Solheim katika kanisa hili hili. Einar hakujua gofu na hakutaka kuijua. Alikuwa mpole, msikivu, na baadaye ilimbidi awe mpatanishi, kazi ambayo hakuiomba.

Kuanzia mwaka 1956 Ardis alikuwa katibu wa Ubingwa, akaushika ukatibu huo kwa miaka hamsini na sita. Historia ya mashindano hayo aliijua kwa kichwa. Aliwasimulia wageni jinsi wanaume wanne walivyocheza peke yao mwaka 1937, ukame ulipopeperusha mchanga hata kwa mafuta yake, wakachota mwingine mtoni kwa ndoo. Alisimulia kwamba mwaka 1944, vijana wakiwa vitani, wanawake waliruhusiwa kucheza ili mashindano yasikatike, na mama yake Sigrid akashinda. Jina lililochongwa kwenye kombe ni la “Bi. T. Kvamme”, kana kwamba Torvald ndiye aliyepiga mipira ile. Jambo hilo lilimchoma Ardis mpaka mwisho. Lakini lililomchoma zaidi ni mwaka 1961, ambao kwenye kombe hauna jina lolote.

Wazee mnaikumbuka Jumapili ile, tarehe 6 Agosti 1961. Nels alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa mipira kuliko wote wilayani, na alikuwa anaongoza kwa mpigo mmoja. Nyuma yake alikuwa Walter Prokop wa reli, mtu mtaratibu aliyekuja uwanjani akiwa bado na buti za kazi. Mwamuzi alikuwa amezidiwa na jua saa moja kabla, akabebwa, na kamati ikamwomba katibu ashike nafasi yake. Ardis alikataa. Aliwaambia huyo ni ndugu yake wa tumbo moja, hawezi kumwamulia. Wakamjibu kwamba ndiyo sababu wanamtaka, kwa maana hakuna atakayesema amempendelea.

Walibaki na shimo la mwisho. Nels alivuta bomba lake kwenye mchanga, akaliinua. Ukapita upepo. Kisha sauti ya chuma kwenye mchanga ikasikika tena, fupi. Nels akauingiza mpira, watu wakaanza kushangilia, na Ardis akainua mkono, akasema adhabu ni mipigo miwili, amevuta tena.

Nels alimsogelea akiwa bado ameshika bomba.

“Umeona, au umesikia?”

“Nimeona,” Ardis alisema.

Walter aliingiza mpira wake, na kwa hesabu hiyo akawa ameshinda kwa mpigo mmoja. Lakini hakupewa kombe. Kamati ilijifungia ukumbini, watatu huku na watatu kule, na baada ya wiki nzima ya kutukanana iliamua nafasi ya mwaka ule ibaki wazi. Mji ukagawanyika. Kwenye mkahawa wa kituo cha treni, waliomtetea Nels walikaa dirishani na waliomtetea Ardis walikaa jikoni, na mgeni aliyekaa katikati alitazamwa vibaya na pande zote. Walter Prokop alirudi kazini Jumatatu, na hadi alipofariki mwaka 1996 hakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Ardis alisema ukimya wa Walter ulimwumiza kuliko matusi yote.

Nels hakusema naye tena. Mashamba yao yalipakana, walishiriki wote kuwazika baba na mama, na bado hakuna salamu. Kwenye chakula cha mazishi ya mama yao, mwaka 1974, walikuwa wamekaa pande mbili za meza moja. Nels alimgeukia shemeji yake.

“Einar, mwambie mkeo viazi viko kwangu.”

“Einar, mwambie ndugu yangu nina macho,” Ardis alijibu.

Einar alipitisha viazi. Watu walicheka, na mpaka leo kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, lakini Marit anakumbuka kwamba mama yake alivisukuma viazi vile pembeni, akalia njia nzima kurudi nyumbani. Einar alipofariki mwaka 2003, hata wa kupitisha viazi hakuwepo.

Moyo wa marehemu ulianza kudhoofika mwezi Oktoba mwaka jana. Kufikia Juni alikuwa amelazwa, na madaktari walisema wazi kwamba ni suala la majuma. Alimtuma Marit kwa Nels na ujumbe mmoja, kwamba anataka kumwona kabla ya Agosti. Nels alisikiliza akiwa mlangoni, akasema amesikia. Siku ya kwanza hakuja, wala ya pili. Ardis aliagiza kitanda kisogezwe dirishani, akawa anaulizia kila gari jekundu linalopita, kwa kuwa la Nels ni jekundu. Zilipita siku tisa. Alikuwa akikataa dawa ya usingizi mchana ili Nels asije akamkuta amelala.

Alikuja Jumamosi tarehe 29 Juni, saa nne asubuhi, kofia mkononi. Marit alitaka kutoka, mama yake akamshika mkono akamwambia akae, anataka shahidi. Haya ndiyo waliyoyasema, na marehemu aliyataka yaandikwe yalivyo, kosa lake likitangulia.

“Nels, siku ile uliniuliza kama nimeona au nimesikia.”

“Nakumbuka.”

“Nilisema nimeona. Sikuona. Jua lilikuwa linanipiga usoni. Nilisikia tu. Miaka hamsini na minane najiuliza kama nilikunyang’anya kombe kwa masikio, mdogo wangu.”

Nels aliutazama mlango hata Marit akadhani ataondoka. Alikuwa anazungusha ile kofia.

“Ulisikia sawasawa, dada. Nilivuta mara mbili.”

“Kumbe? Na muda wote huo umeninunia?”

“Sikukununia. Nilikuogopa. Nilijua umeniona, basi kila nikikutazama usoni naliona bomba lile.”

Ardis alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama mashine. Kisha alilia, na Nels akamfuta machozi kwa kiganja, kwa kuwa hakuwa na leso. Lakini Ardis alikuwa Ardis. Alipotulia alimwambia sasa ni lazima Olenka, binti wa Walter, aambiwe, na mji uambiwe, ili jina la Walter likae mahali pake. Nels akasimama.

“Nina miaka themanini na minne. Unajua ni watu wangapi wamekufa wakinitetea?”

“Najua. Nami nimezungumza uongo mbele ya watu hao hao. Tutasema wote wawili.”

“Siwezi, Ardis.”

“Basi mtalisikia jambo hili kwenye mazishi yangu. Hakuna atakayeondoka kabla ya kahawa.”

Nels aliondoka. Alirudi kesho yake, na kila siku baada ya hapo, akamletea jemu ya rubabu, ile mboga chachu ya bustanini, na habari za ngano, wakakumbushana majivu na sukari, lakini jambo lile hakuligusa tena. Ardis naye hakumsukuma. Alimwambia Marit aandike sehemu ile, kisha Nels apewe aisome, na akiikataa ichanwe, kwa kuwa nusu ya aibu ni yake na nusu hiyo si mali ya mtu mwingine kuitoa. Alifariki Alhamisi tarehe 11 Julai 2019, saa tisa alasiri, Nels akiwa amemshika mkono wa kushoto na Marit wa kulia.

Juzi Jumapili Nels alikuja nyumbani kwa Marit, akaketi mezani, akaomba karatasi na kalamu. Alisoma polepole. Tulimwona akishusha kalamu, akakata kitu, nasi tukijua kwamba lililokatwa halitasomwa. Alikata neno moja. Ardis, kwa kumhurumia, alikuwa amemwagiza Marit alainishe jibu lake hilo tu, liandikwe “huenda nilivuta mara mbili”. Nels alifuta “huenda”. Pembeni aliandika kwa herufi kubwa: NITASIMAMA.

Jana alikwenda kwa Olenka Prokop, peke yake. Waliyoyasema ni yao. Kombe liko hapa mezani karibu na jeneza, na kamati imekubali kwamba kabla ya Jumapili tarehe 4 Agosti, Ubingwa utakapochezwa kwa mara ya tisini na saba, nafasi ya mwaka 1961 itachongwa jina la Walter Prokop. Ya mwaka 1944 itasahihishwa pia, isomeke Sigrid Kvamme. Hilo la pili Ardis hakuliomba; aliliomba Nels.

Marehemu ameacha binti, Marit, na mwana, Dale, wajukuu watano, vitukuu wawili, na mdogo wake Nels Kvamme, ambaye sasa tunamwomba asimame, kama alivyoahidi. Ardis apumzike kwa amani, na Walter pia.