Kofia ya Bwana Taratibu

Zimeni hiyo redio, wanangu, mkae karibu, maana sauti yangu siku hizi inaishia ukingoni mwa kitanda na sina nguvu ya kuisukuma ifike mlangoni. Wewe binti yangu, nipandishie mto. Wewe kaka yake, weka hiyo simu chini. Hao watu wa filamu wameisubiri sahihi yangu miaka yote hii, watasubiri mpaka nimalize kufa. Na wewe, mtoto wa kaka yangu, usisimame hapo kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Njoo ukae hapa penye mkono wangu, kwa sababu nitakayoyasema wenzako yanawahusu kidogo, na wewe yanakuhusu yote.

Yaliyo mepesi tuyamalize kwanza. Nyumba hii ni yenu watatu, na asije mmoja wenu akamwambia mwenzake toka. Vyumba vya mbele abaki navyo binti yangu, kwa kuwa ndiye aliyeniosha wakati siwezi hata kujishika uso. Kile cha nyuma chenye dirisha kubwa, nilichokuwa nikichorea, ni cha mtoto wa kaka yangu, pamoja na meza na kalamu zake. Usikunje uso, mwanangu. Wewe una kwako, na wewe ndiye uliyesema meza ile inafaa kuwa kuni. Sidaiwi na mtu. Ugomvi ninao, lakini ugomvi haurithiki mpaka uelezwe vizuri, basi nipeni nafasi niueleze.

Jumatatu wanaanza kupiga filamu ya pili ya Dada Pasi, na mtoto wa kaka yangu amechaguliwa kuwa Bwana Taratibu. Mtaa mzima unajua, majirani wamekuja kupongeza, na mimi nilipokaa kimya mkasema ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Kabla hujaivaa kofia ile, baba, lazima ujue ilikuwa ya nani, na ukishajua utaamua mwenyewe, maana Jumatatu mimi sitakuwepo kukuuliza umeamua nini.

Nyote mmekua mkiijua ile filamu, hadithi yangu ya picha gazetini mnaijua kwa kusikia tu. Ilikuwa ikitoka kila Jumamosi, ukurasa wa nyuma, na watu walikuwa wakilishika gazeti wakalianza kwa nyuma. Dada Pasi alikuwa mwanamke wa kupiga pasi nguo za wakubwa, jasusi ambaye hakuna aliyemshuku, kwa sababu nani humtazama usoni anayempigia pasi suruali? Adui yake alikuwa Bwana Taratibu. Huyo hakukimbia, hakufoka, hakubeba bunduki; alitabasamu, akafunga milango polepole, na mtu aliyetabasamiwa naye hakuonekana tena. Hapakuwa na kichekesho hata kimoja ndani yake, na sikuanza kuichora ili nichekeshe.

Baba yako alikuwa mpiga chapa katika kiwanda kilichokuwa kikichapa gazeti lile lile. Kidole chake gumba kilikuwa na kovu la kukingama, mashine ya kukatia karatasi ilikichana akiwa bado anajifunza kazi, na wino uliingia ndani ya kovu ukagoma kutoka. Wafanyakazi wenzake walipotaka kugoma, yeye ndiye aliyewachapia vikaratasi vyao baada ya zamu. Nje ya wagomaji aliyelijua jambo hilo alikuwa mmoja tu, msimamizi wa mitambo, rafiki yake wa kula sahani moja, aliyesimama pembeni yake hata siku ya harusi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kaka yangu aliusikia kila siku akadhani ni msemo wa watu wengine.

Jioni ile kulikuwa na mvua. Mlinzi wa lango alinisimulia kwa kinywa chake, akitazama chini. Wafanyakazi walitoka kwa mkumbo wamejifunika magunia na magazeti, nyuso hazionekani, na ng'ambo ya barabara palikuwa na gari, na waliokuwa ndani hawakumjua baba yako kwa sura. Msimamizi akatoka naye mpaka chini ya paa la lango, akavua kofia yake, ile nyeupe ya ukingo mpana ambayo kiwanda kizima hapakuwa na mwingine mwenye nayo, akamvisha. Akamwambia, "Chukua ndugu yangu, mvua hii itakuua, utanirudishia kesho." Akaiweka sawa kichwani mwake, taratibu, kama mama anayempeleka mtoto shule. Baba yako akacheka, akaishika ukingo isipeperuke, akatoka mvuani. Gari likamfuata mwenye kofia.

Hakurudi. Hatukupewa mwili, hatukupewa neno. Mama yako alikuwa na mimba yako. Alikuzaa, na kabla hujajua kutembea akamfuata mumewe. Lakini kabla ya hayo, msimamizi alikuja hapa kutupa pole. Aliketi sebuleni, akaiweka kofia juu ya meza, akashika mkono wa mama yangu akalia machozi kabisa. Mimi ni mchoraji, macho yangu hayajui kupita juu ya kitu hivi hivi. Ukingoni mwa kofia ile palikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino, na katikati ya alama mstari wa kovu uliokingama. Kofia ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, wanangu, na kaka yangu hakurudi. Nani aliirudisha, kama si wale waliomchukua?

Nipe maji. Kidogo tu, yanitosha.

Ningekwenda kushtaki wapi? Waliopokea mashtaka na waliokaa ndani ya gari walikuwa wakila meza moja, na kesi ya ngedere humpelekei nyani. Mama yangu alinifungia mlango akaniapisha. "Tumebaki na huyu mtoto," aliniambia. "Usimlee na kisu moyoni." Niliapa, nikaufunga mdomo, lakini mkono haukuapishwa. Ndipo akazaliwa Bwana Taratibu, na kila Jumamosi alivaa kofia nyeupe yenye alama ya gumba ukingoni. Kiwanda kilimtambua msimamizi kabla ya mwezi kuisha. Waliacha kumsalimu, wakaacha kukaa naye wakati wa chai, mkewe akawa anapitia uchochoro wa nyuma, na yeye mwenyewe akaificha kofia akawa anatembea kando ya ukuta kama mtu anayenyeshewa peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama yangu. Haikumfunga, lakini kila wiki ilimsomea hukumu.

Kisha akaja mwongozaji wa filamu, mwanamume wa miwani ya jua ndani ya nyumba, mwenye maneno matamu kuliko haja yake. Akaniambia, "Mama, sitagusa hata nukta." Nikamwamini, kwa sababu nilitaka nchi nzima ione nilichokuwa nikikionyesha mji mmoja. Akamchukua Dada Pasi wangu, mwenye gauni moja na mikono iliyoungua, akamvisha nguo za kumetameta na mawigi matatu, kila wigi na redio yake ndani. Pasi ikawa inatema moto na kuruka hewani. Majasusi wakawa wanapigana kwa mikate iliyokauka na kutumbukia katika mabeseni ya povu, wakitoka na ndevu za bandia zimeteleza shingoni. Bwana Taratibu wakampa mchekeshaji mnene wa mashavu, kiti chake kikawa kinazama sakafuni naye yumo kila anapotoa amri, akatungiwa na wimbo, na kofia ikawa inajiinua yenyewe kuwasalimu wanawake. Nilipomlaumu mwongozaji, alinijibu bila hata kuvua miwani, "Mama, watu hawakati tiketi ili waende kulia."

Nikasema basi, angalau alama. Niliichora mwenyewe, kwa wino, kwenye kofia ya filamu, gumba na kovu lake. Siku ya kuonyeshwa naitazama kofia ile pazia zima imejaa, nyeupe pe, haina kitu. Nilimtafuta fundi wa mavazi, mama wa watu, mpole sana. Akanishika bega kunipoza akaniambia, "Nilidhani ni uchafu, dada. Nikaifua."

Msimamizi alikuwa amealikwa siku hiyo, safu ya mbele. Taa zilipowaka watu wakamwona, wakanong'onezana, na mimi moyo ukanipiga nikadhani sasa wamemshika. Wakasimama wakampigia makofi. Yeye akainuka, akavua kofia isiyokuwepo kichwani, akawasalimu kama yule wa kwenye filamu, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Nikageuka kumtazama mama yangu, mwanamke aliyembeba baba yako tumboni. Alikuwa anafuta machozi, mbavu zinamuuma kwa kucheka. Akaniambia, "Kumbe mtu mwenyewe hana ubaya. Wewe ndiye ulimchora vibaya." Kaka yangu alikufa mara ya pili pale, na mara hii nilikuwepo.

Simlaumu mama. Mtu aliyekaa na msiba bila maiti huchoka, na kicheko kikimjia hakiulizi kimetoka wapi. Lakini sikuchora tena tangu siku ile. Mlidhani macho yamechoka. Ningechora nini, wakati mtoto barabarani akimwona mwovu wangu anakimbilia kumkumbatia?

Na walimkumbatia kweli. Kofia ile ya zamani ikatoka mafichoni, alama yake ukingoni mchana kweupe, na hakuna aliyeiona. Msimamizi akawa Babu Taratibu, mgawa peremende. Wewe uliyekaa hapa ulikuwa miongoni mwao, baba. Ulikuwa ukirudi nyumbani unanionyesha jinsi alivyokufundisha kuinua kofia kwa vidole viwili na kutembea kama mtu anayebeba chai iliyojaa. Niliwahi kukutoa magotini pake kwa kukuvuta sikio, ukanichukia, ukamwambia bibi yako kwamba shangazi ana roho mbaya. Pengine ninayo. Alipokufa walimzika kwa umati, na kaburini wakamwimbia ule wimbo wa filamu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilisimama nyuma ya watu wale nikiwa wa moto kama jioni ile ya mvua.

Sasa katika filamu hii ya pili nasikia Bwana Taratibu ameshakuwa mwema. Anaokoa mji, na mwisho wanamwoza Dada Pasi. Mwanangu wa kiume, usinikatize, najua utasema ni mambo ya kuchekesha tu, hayana madhara. Umesema hivyo tangu utotoni na sikukujibu kwa ajili ya kiapo. Leo nimekivunja, na bibi yenu nitamweleza mwenyewe nikifika.

Basi shikeni hili. Dada Pasi na Bwana Taratibu, picha zao na haki yao, nimewaacha mikononi mwa mtoto wa kaka yangu peke yake, na wakili ameshaandika. Sahihi ya mwingine yeyote katika nyumba hii ni kuchafua karatasi. Binti yangu, wewe uwe shahidi. Mwanangu, usigombane naye. Kama una hasira, njoo uligombeze kaburi langu, halitakujibu.

Na wewe, baba, nitazame. Sikukatazi. Ungekuwa mtoto ningekukataza, lakini umeshakuwa mkubwa kuliko baba yako alivyowahi kuwa. Ukisema hapana, filamu imekufa, na watu watakuambia una roho mbaya kama shangazi yako. Ukisema ndiyo, basi mvae kama alivyokuwa. Uwaonyeshe mtu mpole, anayemhurumia rafiki yake asinyeshewe, anamvisha, anamwekea sawa. Usimnunie, usimkoromee, maana hakuwa hivyo. Lakini kicheko usiwape. Watoke mle ukumbini kila mmoja akimtazama aliyemshika mkono. Unaliweza hilo? Usinijibu mimi. Mimi si wa kujibiwa tena.

Maji... hapana, acha. Yanamwagika tu.

Mkinizika, mtajeni yeye kwanza, ndipo mnitaje mimi. Hana kaburi. Atumie langu, tutabanana, tulilala kitanda kimoja tukiwa wadogo. Jiwe liwe moja. Asiimbe mtu wimbo wowote wa filamu. Akianza, mtoeni, hata akiwa mwenye cheo.

Binti yangu, Mungu akulipe kwa mikono yako. Mwanangu, Mungu akupe riziki isiyokuamsha usiku. Nawaachia radhi yangu nyote... msitengane kwa ajili yangu. Pendaneni, hata kama ni kwa... kwa shida.

Nani huyo analia? Ni yeye? Binti yangu, mwache, usimfute. Katika nyumba hii baba yake hajawahi kuliliwa kwa sauti. Kwanza tuliogopa, halafu tukacheka. Lia, baba. Lia... nakusikia.