Wakili Mmoja, Watu Wawili

Asalaam aleikum. Na ambao hatusalimiani hivyo, habari za mchana. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeombwa niseme habari ya talaka yangu, nitasema, ila msitegemee machozi. Yalichelewa kuja.

Mimi na baba watoto hatukupigana. Ndugu zangu, nawaambia, ningeshukuru hata ugomvi. Tulinyamaziana tu, miaka. Siku moja baada ya kula akasema, "Mama, tuachane kwa heri." Nikasema, "Sawa." Nikaondoa vyombo.

Baraza la usuluhishi lilikaa nasi, likashindwa. Yeye akashauri, "Tuchukue wakili mmoja. Sisi si maadui." Nikasema sawa.

Wakili alikuwa binti mdogo, hapa hapa mjini. Alituamkia, kisha akatuambia mapema, "Mimi si wa baba wala wa mama. Nitaandika mnachokubaliana. Mkivutana, kila mtu atafute wakili wake." Akaanza kusoma. Nyumba ya mjini, ya baba. Sawa. Mtoto wa mwisho akae kwa mama. Sawa. Shamba la mdalasini Kinole, la baba, maana ndiye aliyepanda.

"Sawa," nikasema.

Binti akaweka kalamu chini. "Mama, ardhi yenyewe ni ya nani?"

"Ya mama yangu. Ya ukoo." Waluguru wenzangu mnajua, kwetu ardhi hupita kwa mama. Haikuwa yangu kuitoa.

"Na umekubali?"

"Sawa."

Hapo baba watoto akageuka, akanitazama usoni. Sikumbuki mara ya mwisho aliponitazama vile. Akamwambia wakili, "Usiandike. Huyu hayupo hapa. Ukimwambia aniachie na watoto wote, atasema sawa."

Mimi nilisikia kama wanamsema mtu mwingine.

Wakili akakunja karatasi zake. "Siwezi kuendelea. Mama, nenda kapumzike. Ukiwa tayari, mpe wakili mwingine karatasi hizi akusomee, mkiwa wawili tu. Baba, utasubiri." Baba akaitikia kwa kichwa.

Nikapanda mlimani, Kinole, kwa dada yangu. Hakuniuliza habari ya ndoa. Alinipa kisu, tukawa tunabandua magome ya mdalasini, tunayaanika. Kila jioni aliuliza, "Tupike nini?" Nami najibu, "Chochote." Jioni moja akakasirika: "Chochote hakipikwi! Sema!"

Nikasema, "Magimbi."

Ndugu zangu, msicheke. Haya, chekeni. Nilikuwa sijataka kitu chochote kwa muda mrefu mno. Yale magimbi nilikula nalia mpaka dada akaniondolea sahani. Nililia ndoa yangu. Halafu nikakasirika, na hasira ilinifaa.

Niliporudi, wakili wa pili alinisomea kila mstari. Ndipo tukakaa tena kwa yule binti. Nikasema shamba ni la ukoo, litabaki. Nyumba tulijenga wote, igawanywe. Baba watoto akapandisha sauti: "Na jasho langu la ile midalasini?" Nikamjibu, "Ni kweli ulipanda. Vuna msimu huu, kisha uage." Akasema, "Hiyo nakubali." Safari hii ni yeye aliyekuwa na kazi ya kukubali. Mahakama ikamaliza.

Namshukuru binti yule aliyeweka kalamu chini. Namshukuru dada. Namshukuru na baba watoto, ndiyo, naye pia. Na ninyi wa kikundi hiki, mlikuja kwangu mkafua nguo zangu bila kuuliza nani mkosaji.

Sijapona kabisa. Siku nyingine bado mwili unakuwa mzito, sisikii kitu. Ila wanaoniuliza kama wakili mmoja anatosha, jibu langu ni hili: anaweza kutosha, mkipata mkweli. Lakini kabla hujaweka sahihi, hakikisha mwenyewe umefika. Amani ya watu wawili haiandikwi na mmoja.