Miaka Sita ya Mbio za Mama Ottilia wa Mpepai

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Kapinga na wa Kinunda, majirani wa Mpepai, na ninyi ndugu mliopanda milima kutoka Lituhi, mimi ni Pankras Kinunda, mdogo wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu.

Ottilia alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Litumbandyosi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nazari Kinunda na Mama Luisa, akabatizwa wiki mbili baadaye, Jumapili ya Pasaka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957, akiwa tayari na miaka tisa, kwa sababu shule ilikuwa mbali na wazazi walisubiri miguu yake ikomae, nayo ilikomaa kuliko walivyotazamia, kwani mwaka 1963, akiwa shule ya kati ya wasichana, alishika nafasi ya kwanza katika mbio za maili moja mjini Songea, akikimbia pekupeku, akazawadiwa blanketi ambalo, niseme ukweli mbele yenu, nililala nalo mimi.

Alimaliza masomo mwaka 1964, na mwaka 1966 akaajiriwa na chama cha ushirika hapa Mpepai kuwa karani wa mizani, akapima kahawa ya wakulima kwa miaka ishirini na tisa, na wengi wenu mnakumbuka kwamba hakusoma uzito mpaka mshale wa mizani utulie kabisa, hata foleni iwe ndefu namna gani.

Tarehe 9 Agosti 1969 alifunga ndoa na Bwana Ildefonsi Kapinga, na Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza akiwa Aurelia, ambaye ni mwalimu Lituhi, pamoja na wajukuu tisa.

Kwa ajili ya wageni wetu wa ziwani naomba nieleze kwamba huku kwetu mtu mzima hakimbii njiani, isipokuwa amebeba habari ya msiba, na akionekana anakimbia, watu huacha kazi na kujiandaa kwenda kulia, hivyo tangu siku ya harusi dada yetu alitembea tu, miaka ishirini na saba.

Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ghala la chama lilifungwa, na mwaka 1995 Ottilia alirudi nyumbani bila kazi, akawa mtu wa kukaa, akanenepa kwa huzuni, presha ikapanda, na Februari 1996 daktari alimwagiza atembee kila siku, naye alitembea kama mtoto aliyetumwa asikotaka.

Julai mwaka huo alikwenda Lituhi kumsaidia Aurelia aliyekuwa amejifungua, na asubuhi moja upepo wa mwera uling'oa nepi kwenye kamba na kuipeperusha ufukweni, Ottilia akaikimbilia, akaipita mitumbwi na vichanja vya kuanikia dagaa wa usipa, akaikamata, kisha hakusimama, akaendelea kukimbia juu ya mchanga uliolowa, nepi mkononi, akicheka peke yake, na aliniambia kwamba ilikuwa kama kumkuta mtu aliyemdhani amekufa, yuko mzima, anamngoja.

Aliporudi Mpepai hakuweza kuiacha furaha hiyo, na asubuhi ya tarehe 17 Septemba 1996 alivaa raba za mwanawe, akafunga kanga, akateremka mlima mbio, akisahau kwamba mama mkwe wake, Bibi Scholastica, alikuwa mgonjwa wiki mbili na kijiji kizima kilikuwa kinasubiri habari zake. Kabla jua halijapanda, akina mama walijaa uani na unga, kuni na vilio, wakamkuta Bibi Scholastica ameketi mlangoni pa jikoni anakula viazi, akawauliza, "Unga wote huo, mnamlilia nani?" Mama Hildegardi, jirani yetu, akajibu kwa aibu, "Tumekuja kukulilia wewe, bibi." Naye akasema, "Haya, lieni basi, nisikie kama mnajua."

Jumapili iliyofuata ukoo ulikaa kikao, shemeji zake wakataka apigwe marufuku kukimbia, na Bwana Ildefonsi, aliyempenda mkewe lakini aliona aibu, alitazama chini. Ottilia alipiga magoti, akaomba radhi kwa kila aliyebeba kuni bure, lakini akasema kwamba kuacha hataweza, kwa kuwa kukaa kulikuwa kunammaliza na mbio zimemrudishia uhai. Wote wakamgeukia Bibi Scholastica, aliyekosewa kuliko wote, naye akaamua hivi: "Mwacheni akimbie, ila kila nyumba anayopita apaze sauti, 'Wote wazima!'"

Ndivyo ilivyokuwa, na kwa karibu miaka sita bonde hili liliamka kwa kuambiwa kwamba wote ni wazima, presha yake ikashuka, na mwaka 1998 Mama Hildegardi alimfuata, kisha wengine wanne.

Mei mwaka huu, 2002, alipatikana na uvimbe tumboni, akalazwa mara mbili, akavumilia bila kunung'unika, na Alhamisi tarehe 12 Septemba, saa tisa alasiri, aliaga dunia akiwa na miaka hamsini na minne, mkono wake ukiwa katika mkono wa Bibi Scholastica, ambaye yuko nasi hapa na ambaye tunaomba mumfariji kuliko sisi wote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, Baba Paroko, majirani, wanajumuiya, na wote waliofanya naye kazi ya mizani.

Kuna tangazo moja. Tangu Ottilia alipougua njia imekuwa kimya, na Mama Hildegardi na wenzake wanne wameniomba niseme kwamba Jumatatu ijayo baada ya matanga, saa kumi na mbili asubuhi, wataanza tena kukimbia kutoka kisimani, na Bwana Ildefonsi ameomba kwenda nao, ingawa anasema atakuwa nyuma.

Dada yetu Ottilia, tumekupenda na tunakukabidhi kwa Mungu. Pumzika katika amani yake.