Tairi za Kwenda Ukweni

Pale Riruta Satellite, mkabala na bucha, kuna benchi la mbao ambalo Kavoi alilitengeneza kwa mikono yake, na ndiyo maana anajiona ana haki ya milele kukalia upande wa kivuli. Kavoi ni fundi wa vitanda. Jumatano hiyo asubuhi alikaa na watu wake wale wale. Kuna Kagiri, aitwaye Upepo, kwa sababu ana mashine ya kujaza magurudumu upepo hapo hapo kando ya benchi. Kuna mzee Kimotho, mwenye nyumba za kupangisha, ambaye wote humwita Ploti. Na kuna Nashon, aliyewahi kuendesha lori mpaka Kongo, au ndivyo asemavyo, naye jina lake la kijiweni ni Difu, kama ile gia ya ekseli ya nyuma ya lori. Birika la kahawa ya tangawizi lilikuwa bado zito. Mbele yao ilisimama pikipiki ya Kavoi, ile kubwa ya lami na porini, kioo chake kimoja kimefungwa kwa utepe.

Kilivunjikia wapi, kijiwe kizima kilijua. Wiki mbili zilizopita Kavoi aliangukia kwenye mto mkavu wa mchanga huko Kitui, wakwe wakitazama kutoka ng'ambo, na Syombua mkewe akiwa nyuma na gauni lake la kanisani. Hawakuumia. Lakini Jumamosi wanarudi huko huko, na Syombua ametoa onyo: mgongo wake ukigusa mchanga mara ya pili, pikipiki inauzwa. Anaposema jambo hivyo, huwa. Na Kavoi anaipenda pikipiki ile kupita kiasi, hilo tuliseme wazi.

— Shida ni tairi, alisema Kavoi. Hizi ni za nusu kwa nusu. Si za lami, si za mchanga. Nataka mpya kabla ya Jumamosi. Niambieni nichukue gani.

— Meno makubwa, alisema Difu bila hata kumeza kahawa. Mbele na nyuma. Meno ya tingatinga. Ukiingia mchanga inauma, inashikilia.

— Zii, alisema Upepo. Toka hapa mpaka Kitui karibu yote ni lami. Meno makubwa kwa lami yanaisha haraka. Utafika Matuu umebaki na fizi.

— Basi aweke ya meno mbele, ya lami nyuma, alisema Ploti.

— Mguu mmoja gambuti, mwingine kiatu cha ofisi?

— Ndiyo. Kwani mguu unajua mwenzake amevaa nini?

— Mzee, wewe umewahi kupanda nduthi, pikipiki yoyote?

— Nina wapangaji kumi na wanne wenye nduthi. Nasikia mengi ukutani.

Difu aliweka kikombe chini, na wote wakajua Kongo inakuja.

— Kule Kongo tulikuwa tunafunga kamba ya katani kwa tairi, mzunguko mzima. Lori linatembea juu ya matope kama paka. Kuna dereva alikosa kamba, akafunga mikeka ya wakwe zake.

— Akafika?

— Yeye alifika. Mikeka ndiyo wanatafuta mpaka leo.

— Sikieni, alisema Upepo, akisogea ukingoni. Hizi tairi zina mshale wa kuonyesha zinazunguka upande gani, si ndiyo? Wewe funga kinyume. Tairi itadhani inarudi nyumbani, na kitu chochote kikirudi nyumbani hukimbia.

— Tairi inadhani?

— Buda, nimeshika tairi miaka tisa. Zinadhani.

Ploti akakohoa kidogo, kama anayetaka kufunga mkutano.

— Kwa nini msiondoe ule mchanga? Nairobi watu wanajenga kila siku. Leta malori, beba mto wote, uza. Kijana apite pagumu.

Walicheka mpaka mwenye bucha akachungulia. Kavoi naye alicheka, tena kwa raha. Kila nadharia ilimpendeza, hata ile ya mikeka, maana zote zilikubaliana kwamba mwenye makosa ni tairi.

Ndipo ikaingia pikipiki ndogo nyekundu yenye magunia mawili ya omena, wale dagaa wa ziwani, nyuma. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke mnene wa makamo, koti la mvua limefungwa kiunoni.

— Niaje, watu wangu. Mimi ni Nereah, natoka Kisumu Ndogo, Kibera, naleta mzigo kwa maduka ya huku. Naomba upepo. Gurudumu la nyuma, thelathini na mbili.

— Thelathini na mbili gani? aliuliza Upepo.

— Za kipimo cha upepo. Kwani kipimo chako kiko wapi?

Upepo alitazama mashine yake, Ploti akatazama kikombe, na Difu, ambaye Kongo yake huwa na kila kitu, safari hii Kongo ilimnyima.

— Mimi hupima na teke, alisema Upepo mwishowe. Mguu ukiuma, imetosha.

— Na hii kubwa pia ulipima na teke?

Nereah aliinama, akabonyeza tairi ya mbele ya Kavoi kwa dole gumba. Haikubonyea hata kidogo.

— Woi! Imejaa kama mpira wa mechi.

— Huyo ni rafiki, alisema Upepo kwa fahari, akimwonyesha Kavoi. Kila asubuhi akipita namwongezea kidogo, bure. Na siku ya Kitui, ile alianguka mchangani, nilimwongezea mara mbili, kwa sababu ni mbali.

Nereah alicheka akashikilia gunia lisianguke.

— Mmemwangusha na mapenzi! Hizi tairi ni poa, meno bado yako. Kwa lami unajaza kiasi chake. Ukifika mchanga unasimama, unapunguza, tairi inalala kidogo inakanyaga kwa upana. Ukivuka unajaza tena na pampu ya mkono. Kwani hakuna mtu hata mmoja alikuambia?

Macho yote yakamgeukia Kavoi. Naye alikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Ukingoni mwa mto Syombua alimgusa bega akamwambia, “Watu wa kwetu husimama hapa, wanatoa upepo.” Naye akamjibu, “Watu wa kwenu hawana pikipiki kama hii.” Hata dakika haikuisha kabla hawajalala chini. Hilo hakuwahi kumsimulia mtu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akatoa simu.

— Syombua. Sinunui tairi.

— Kwa nini?

— Hizi hazina makosa.

— Sasa makosa ni ya nani?

Benchi zima lilikuwa limeinamia simu. Upepo alizima mashine ili asikie vizuri.

— Ni yangu. Uliniambia nitoe upepo nikakataa. Tena nikawadharau watu wa kwenu.

— Ngoja. Usiseme tena bado. Niko na wenzangu wa kwaya hapa, wacha niweke spika. Haya, rudia polepole.

Kavoi akawatazama marafiki zake. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kando ili kumsitiri. Ploti hata alikuwa amesogeza sikio. Basi akarudia neno kwa neno, kwa sauti, huku watu wa bucha wakisimama kusikiliza. Upande wa pili kwaya ililipuka kwa vigelegele, na katikati ya kelele hizo akaisikia sauti ya mkewe, sasa iko karibu kabisa na simu, nyororo.

— Jumamosi tutoke saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijakuwa kali. Pampu nitabeba mimi.